Kulitambua Jiwe Bila Maabara: Vipimo vya Nyumbani Thika na Ruiru

Kila aina ya madini ina ugumu wake, uzito wake, rangi ya unga wake na namna yake ya kuvunjika, na tabia hizi hazibadiliki jiwe liwe limeokotwa Thika au Turkana. Nyingi kati yake hupimika kwa vitu vya kawaida: sumaku ya spika iliyokufa, kipande cha kigae, msumari, siki na mizani ya jikoni. Rangi ya nje, ambayo watu huitazama kwanza, ndiyo yenye udanganyifu mwingi. Kwazi hupatikana nyeupe, ya waridi, ya zambarau na ya rangi ya moshi, ilhali kutu ya chuma huweza kulipaka jiwe lolote umanjano wa dhahabu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa chochote: ni kujua jiwe limetoka wapi. Kuanzia Ruiru kupitia Juja hadi Thika, chini ya udongo mwekundu kuna tabaka za lava na majivu ya volkano yaliyomwagika mamilioni ya miaka iliyopita, wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likifunguka. Mawe ya Ndarugo, yanayokatwa kwa mashine na kupakiwa malori kwenda kujenga Nairobi, ni majivu hayo yaliyoshikamana yakawa mwamba. Kokoto za kijivu zinazosagwa katika matimbo ya eneo hili ni lava, na fonolaiti, ambayo ni aina mojawapo ya lava, hulia kama kengele ikigongwa kwa nyundo. Upande wa mashariki, Kilima Mbogo, au Ol Donyo Sabuk, chenye urefu wa mita 2,145, ni cha ukoo mwingine. Hicho ni mwamba wa kale, nisi, uliokandamizwa na kupikwa kilindini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Miamba ya ukoo huo, iliyoenea hadi Machakos na Kitui, ndiyo yenye ulanga, garneti na kwazi nyingi.

Tofauti hiyo peke yake hutatua maswali mengi. Dhahabu ya Kenya huchimbwa zaidi magharibi, Migori, Kakamega na Siaya, katika miamba ya kale sana ambayo haionekani kabisa juu ya ardhi ya Thika. Mtu anayeona vimetameta katika jiwe la Ndarugo, basi, ana sababu nzuri ya kushuku felspa au kioo cha volkano kabla ya kuwaza utajiri.

Tatizo ni kwamba kiwanja cha Ruiru hakina mawe ya Ruiru peke yake. Mji umejengwa haraka, na kila nyumba imeletewa mchanga wa Machakos, muramu wa kushindilia, kokoto na vifusi. Mchanga wa mtoni huja na ulanga na garneti zake. Kifusi huweza kuwa na mavi ya chuma kutoka katika viwanda vinavyoyeyusha vyuma chakavu. Jiwe geni lililofukuliwa futi moja chini ya uso wa kiwanja huenda lilisafiri kilomita 80 kwa lori mwaka uliopita. Lililobanduliwa kwenye mwamba wenyewe lina ushahidi ambao lile la kuokotwa halina, na ndiyo sababu wanajiolojia huandika mahali kabla ya kuandika kitu kingine chochote.

Baada ya mahali, kipimo chenye manufaa makubwa kuliko vyote vya bei rahisi ni rangi ya unga. Jiwe husuguliwa kwenye upande wa nyuma wa kigae, ule usio na mng'ao, likaacha mchirizi. Kigae kiwe cha udongo mweupe. Vile vya udongo mwekundu, ambavyo ni vingi madukani, huchanganya unga wao na wa jiwe. Hemataiti, mbale kuu ya chuma duniani, inaweza kuwa nyeusi, ya kijivu au yenye kung'aa, lakini mchirizi wake ni mwekundu wa kahawia daima. Magnetaiti huacha mchirizi mweusi, limonaiti wa manjano ya kahawia, malakaiti, ambayo ni mbale ya shaba, wa kijani hafifu, na galena, mbale ya risasi, wa kijivu cha risasi. Madini yaliyo magumu kuliko kigae hayaachi unga wowote. Hukikwaruza kigae tu, na hilo nalo ni jibu.

Ugumu hupimwa kwa kukwaruzana. Mjerumani Friedrich Mohs aliupanga katika ngazi kumi mwaka 1812, chini kabisa talki, madini laini ya poda ya mtoto, juu kabisa almasi. Nyumbani ngazi hizo hupatikana kwa vitu vya kawaida: ukucha ni takriban 2.5, waya wa shaba uliochunwa plastiki ni 3, kioo cha dirisha ni 5.5, na tupa nzuri ya fundi ni 6.5. Jasi hukwaruzwa kwa ukucha. Kalisaiti, madini ya chokaa, haikwaruziki kwa ukucha lakini msumari huichora. Felspa na kwazi huchora kioo. Hapo ndipo wengi hujidanganya, kwa maana imeenea imani kwamba kinachochora kioo ni almasi. Kwazi huchora kioo, garneti huchora kioo, hata vijiwe vya felspa vilivyomo katika lava ya Thika huchora kioo. Kosa jingine ni kuchukua alama ya msumari kuwa mkwaruzo. Msumari laini ukipitishwa juu ya jiwe gumu huacha mstari wa chuma chake wenyewe. Kidole chenye maji huufuta, na mkwaruzo wa kweli hubaki.

Kuhusu chuma, eneo hili lina mengi ya kuonyesha. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanayotiririka kando ya barabara za udongo huacha mistari ya mchanga mweusi, mzito kuliko mwingine. Sumaku iliyofungwa kwa karatasi, ili chembe zisiigande moja kwa moja, ikipitishwa juu ya mchanga huo huinuka na ndevu nyeusi za magnetaiti. Chembe nyeusi zinazobaki nyuma, au zinazovutwa kwa uvivu, aghalabu ni ilmenaiti, madini ya chuma na titani. Ni mchanga wa namna hiyo uliochimbwa Kwale kwa ajili ya titani tangu 2013 hadi mwisho wa 2024.

Mchanga mweusi ndio uliokuwa mbale ya wahunzi wa Kikuyu. Waliuchota mitoni, wakauosha hadi chembe nyepesi zikachukuliwa na maji, wakauanika, kisha wakauyeyusha kwa makaa katika tanuri la udongo lililopulizwa kwa mivukuto ya ngozi. Scoresby na Katherine Routledge waliieleza kazi hiyo kwa kina katika kitabu chao cha 1910, na Jomo Kenyatta akaieleza tena katika Facing Mount Kenya mwaka 1938. Kwa mtu wa leo, kuosha huko bado ni kipimo. Kilo chache za mchanga katika karai, maji kiasi, na mzunguko wa polepole unaomwaga chembe nyepesi ukingoni, huacha chini kile kilicho kizito tu. Kama hakuna kinachobaki, mchanga hauna mbale nzito ya kuonekana.

Muramu nao ni chuma, ingawa sumaku haiutambui vizuri. Vile vinundu vya mviringo vya kahawia vinavyomwagwa barabarani ni mchanganyiko wa udongo na aina za kutu zilizojikusanya ardhini kwa muda mrefu. Jaribio la kuthibitisha hilo ni rahisi. Vinundu husagwa, unga huchanganywa na unga wa makaa, mchanganyiko hutiwa katika mkebe mdogo wa chuma uliofunikwa, nao mkebe huzikwa ndani ya moto mkali wa jiko kwa saa moja hivi. Ukishapoa ndani ya mkebe bila kufunuliwa, unga uliokuwa mwekundu hugeuka mweusi na kurukia sumaku. Makaa yameinyang'anya kutu sehemu ya oksijeni yake na kuigeuza magnetaiti. Hiyo haina maana kwamba muramu wa eneo hili ni mgodi wa chuma. Chuma kilichomo ni kidogo mno kulipia gharama, na barabara inaufaidi zaidi kuliko tanuri.

Siki hutumika kutafuta chokaa. Tone moja likimwagwa juu ya kalisaiti hutoa povu la hewa ya kaboni, taratibu kwa siki, kwa kasi kwa dawa ya kusafishia choo yenye asidi ya haidrokloriki. Asidi ya betri, ambayo mafundi huikimbilia, ni chaguo baya. Mbali na kuchoma ngozi na macho, huunda utando wa jasi juu ya jiwe la chokaa, povu likakoma mapema, na mpimaji akadhani hakuna kitu. Dolomaiti haitoi povu ikiwa bonge. Ni lazima isagwe kwanza. Katika udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, kuelekea Juja na Athi, hupatikana vinundu vyeupe vya chokaa vinavyochemka vizuri kwa siki. Vipande vya saruji na plasta ya zamani huchemka pia, jambo la kukumbukwa na yeyote anayepima mawe katika kiwanja kilichowahi kujengwa.

Manganizi ina kipimo chake. Mawe meusi yenye kuchafua vidole, ya aina inayopatikana Kilifi na Kwale, hutoa mapovu mengi yakidondoshewa haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda iuzwayo duka la dawa. Shaba inahitaji subira zaidi. Jiwe lenye madoa ya kijani au buluu husagwa, likalowekwa katika siki yenye chumvi kidogo usiku kucha, kisha msumari uliosuguliwa kwa msasa hadi ukang'aa hutumbukizwa. Kama shaba imo, msumari huvaa ngozi nyekundu. Njia hii hufaulu kwa malakaiti na jamii yake. Mbale za shaba zenye salfa, zilizokuwa nyingi katika mgodi wa zamani wa Macalder huko Migori, hazijali siki. Anayetaka kujifunza bila kusafiri anaweza kuanza na kutu ya kijani iliyo juu ya waya mzee wa shaba, kwani kemia yake ni ileile.

Kipo kipimo kingine, cha tinkali, yaani boraksi. Kitanzi cha waya usioyeyuka upesi huchovywa katika unga wa tinkali na kupashwa moto hadi unga ukawa shanga ya kioo. Shanga hiyo ikigusishwa chembe ya mbale na kurudishwa katika moto safi wa gesi, shaba huipa rangi ya buluu yenye kijani, kobalti buluu iliyoiva, manganizi zambarau. Chuma huwa manjano shanga ikiwa moto na hufifia ikipoa. Ni kipimo cha zamani ambacho bado hakijazeeka, ila chembe iwe ndogo sana, la sivyo kila shanga hutoka nyeusi.

Vipimo vyote hivi hushindwa na kimoja kwa uhakika, nacho ni uzito kwa ujazo. Mizani ya jikoni ya kidijitali inatosha. Jiwe hupimwa likiwa kavu. Kisha kikombe cha maji huwekwa juu ya mizani, mizani ikarudishwa sufuri, na jiwe likaning'inizwa kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala kando. Tarakimu inayojitokeza ni uzito wa maji yaliyosukumwa, yaani ujazo wa jiwe kwa sentimita za ujazo. Jiwe la gramu 132 likionyesha 50 ndani ya maji, 132 hugawanywa kwa 50, jibu likawa 2.64, ambalo ni karibu sawa na kwazi. Felspa hukaribia 2.6, garneti hukaa kati ya 3.5 na 4.3, pairaiti na magnetaiti huzunguka 5, galena hufika 7.5. Jiwe lenye matundu, kama jiwe la Ndarugo, hutoa jibu la uongo kwa sababu hewa iliyomo hulifanya jepesi, hivyo kichaguliwe kipande kigumu kisicho na vitundu.

Kwa dhahabu kipimo hiki ni ngao. Dhahabu safi ina 19.3, risasi 11.3, na shaba nyeupe, iliyo kipenzi cha matapeli wanaouza vipande vya dhahabu bandia Nairobi, haizidi sana 8.5. Kipande kinachodaiwa kuwa dhahabu na kutoa 8 hakina haja ya mjadala. Hata hivyo, tangsteni ina uzito karibu sawa na wa dhahabu, kwa hiyo jibu zuri la mizani peke yake halitoshi kumfanya mtu atoe pesa.

Chembe ndogo hazipimiki kwa mizani, lakini sindano huzitenganisha. Dhahabu ni laini. Ikibonyezwa hubonyea, ikigongwa hutandazika, na rangi yake haibadiliki kivulini wala juani. Pairaiti hupasuka na kuwa vumbi, na mchirizi wake ni mweusi wenye ukijani. Ulanga, ambao ndio unaometameta katika mchanga wa ujenzi kote Thika, hubanduka kwa vijikaratasi na kuelea kwenye maji ya karai pale dhahabu ingezama. Watu wengi wanaodhani wameona dhahabu mtoni wameuona ulanga, hasa ule uliochakaa kwa hali ya hewa ukawa wa manjano.

Thika ina sababu ya pekee ya kujua pia jiwe lililotoka angani. Julai 16, 2011, kimondo kilianguka Kihiu Mwiri, upande wa Gatanga, vipande vyake vikaokotwa na wenyeji, na kikaingizwa katika orodha ya kimataifa ya vimondo kwa jina la Thika. Wataalamu walikiweka katika kundi la kondraiti, daraja la L6, yaani jiwe lenye chembechembe za chuma lililopikwa sana ndani ya kimwamba cha angani kabla ya kuvunjika. Tangu hapo mawe meusi mengi yamedhaniwa kuwa ndugu zake. Vipimo vya nyumbani huyachuja karibu yote. Kimondo cha aina hiyo kina gamba jeusi jembamba, lakini ndani ni cha kijivu hafifu. Kikisuguliwa kwa msasa upande mmoja huonyesha vidoa vya chuma king'aacho. Sumaku hukivuta kiasi, na uzito wake huwa karibu 3.3. Kwenye kigae hakiachi mchirizi wa maana.

Mavi ya chuma, yaliyo mshindani wake mkubwa Ruiru na Thika, huwa na vitundu vya hewa, na mara nyingi uso uliotiririka. Vimondo kwa kawaida havina vitundu ndani. Magnetaiti huvutwa na sumaku kwa nguvu zaidi na kuacha mchirizi mweusi, na hemataiti huacha mwekundu. Vimondo vya chuma kitupu ni nadra zaidi. Kile cha Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania, chenye takriban tani 16, ni chuma na nikeli karibu chote. Kipande cha namna hiyo kingezidi 7 kwenye kipimo cha maji, kama vile kingezidi kipande chochote cha gia ya trekta, na hapo ni maabara tu inayoweza kutafuta nikeli na kuamua.

Yapo mambo yasiyofanywa nyumbani kabisa. Galena haichomwi jikoni, kwa sababu moshi wa risasi huingia mwilini na kuathiri akili za watoto. Mbale inayotoa harufu ya kitunguu saumu ikipashwa moto ina aseniki, na moto huzimwa mara moja. Zebaki inayotumiwa na baadhi ya wachimbaji wadogo kunasia dhahabu hutoa mvuke usioonekana wala kunusika, nao huharibu figo na mishipa ya fahamu. Asidi ya nitriki inayotumiwa na masonara ni ya karakana yenye hewa. Sufuria iliyotiwa mbale hairudi kupika chakula. Vumbi la mawe linalotokana na kusaga hulowekwa maji, kwa kuwa unga wa kwazi ukivutwa kwa miaka huua mapafu.

Sheria nayo ina neno. Katiba ya 2010 inahesabu madini yote kuwa sehemu ya ardhi ya umma, na Sheria ya Madini ya 2016 inasema ni mali ya Jamhuri hata yakiwa chini ya shamba la mtu binafsi. Kuokota jiwe na kulipima mezani hakumkeri mtu. Kuchimba kibiashara, hata mawe ya kujengea, kunahitaji kibali. Mrabaha unaolipwa hugawanywa asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo.

Vipimo vya nyumbani hutaja jina la madini lakini havitaji kiasi. Mbale ya dhahabu yenye gramu tano kwa tani hulipa vizuri migodi mingi, nayo haionekani kwa macho wala haisikiki kwenye mizani ya jikoni. Kiasi hupimwa maabara, kama ile ya wizara inayohusika na madini jijini Nairobi. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja kina idara inayofundisha uhandisi wa migodi. Thamani ya jibu hutegemea sampuli. Mwenye kutafuta huvutwa kupeleka jiwe zuri kuliko yote, na maabara humwambia habari za jiwe hilo moja. Njia ya haki ni kukusanya vipande kutoka sehemu nyingi za mwamba, kuvisaga, kurundika unga, kuugawa mafungu manne, kutupa mawili yanayotazamana, kuchanganya yaliyobaki na kurudia hadi ibaki kilo moja au mbili. Nusu hutiwa mfuko safi ulioandikwa mahali, kina na tarehe. Nusu ya pili huhifadhiwa, ili jibu likitiliwa shaka maabara nyingine ipime unga uleule.